Mlango wa Chumba cha Baridi

Siku Nyanzala Malale alipomwingiza mwizi kwenye chumba cha mitambo, alimpa na kiti cha kukalia. Akampa maji. Kisha akatoka nje, akaurudisha mlango taratibu ili mzee wa watu apumzike bila kelele.

Wenzake walicheka wiki nzima. Ukweli ni kwamba hata yeye mwenyewe angecheka, kama jambo lile lisingetishia kumrudisha nyumbani. Pale chuoni mtihani wa vitendo wa ulinzi wa mtandao unarudiwa mara moja tu. Ukianguka tena, unafungasha. Kwa Nyanzala kufungasha kulimaanisha kurudi Kasekese bila cheti, akiwa na miaka ishirini na saba, mbele ya baba aliyewahi kuwaambia watu wa ukoo mzima kwamba binti yake yuko Mpanda anasoma.

Nianzie nyuma kidogo, maana ukimwona Nyanzala mtaani Ilembo, alikopanga chumba kwa Bi Zubeda, unaweza kudhani ni dada wa kawaida tu anayependa kutembea haraka. Mzee Malale alihamia Kasekese akitokea upande wa Kahama, akiswaga ng'ombe, na Nyanzala alikuwa bado anabebwa mgongoni. Alisoma hadi kidato cha nne, jambo ambalo kwa wasichana wa boma lile lilikuwa bahati. Baada ya hapo akachukua paneli ya sola iliyoachwa na kaka yake, akawa anachaji simu za watu siku za mnada. Kutoka kuchaji akaingia kwenye kufungua. Akajua kubadili spika, maiki, na zile sehemu za kuchajia ambazo watu huziharibu kwa kulazimisha waya.

Sasa, kompyuta ya zahanati ikakatika mtandao. Fundi alisubiriwa wiki mbili atoke mjini. Alipofika alichomoa waya mmoja, akaukata kichwa, akabana kingine, akauchomeka, taa ikawaka, akapanda pikipiki akaondoka. Nyanzala alikuwa amesimama nyuma yake muda wote. Alirudi nyumbani akamwambia baba yake kwamba anataka kusomea kazi ile.

Mzee Malale aliuliza ni kazi gani hasa. Hapo Nyanzala alihangaika, kwa sababu alichokiona yeye kilikuwa waya tu. Mwisho akasema ni kuchunga, ila si ng'ombe. Ni kuchunga njia ambazo habari za watu zinapita, asiingie asiyehusika. Mzee alifikiri siku tatu, tena kwa kununa, kisha akamwita.

"Nenda. Miaka miwili," alisema. "Halafu mimi nitakuja kuona hicho unachokichunga."

Chuoni Nyanzala hakuwa wa kwanza wala wa mwisho. Darasani walikuwa kumi na tisa, na aliyeng'ara alikuwa Naseeb, kijana wa ukoo wa wenye maduka pale mjini, ambaye kompyuta ameishika tangu hajaota meno ya utu uzima. Lakini kuna siku Mwalimu Arcade aliwapa zoezi la kupanga zile nyuzi nane zilizomo ndani ya kebo ya mtandao: nyeupe yenye chungwa, chungwa, nyeupe yenye kijani, bluu, na kuendelea mpaka kahawia. Wengi walirudia rudia, wakakosea, wakaishia kuziimba kama watoto wa chekechea. Nyanzala aliangalia mara moja, akapanga. Mtu aliyekulia kwenye zizi lenye ng'ombe mia na ishirini, kila mmoja anajulikana kwa madoa yake, hasumbuliwi na nyuzi nane. Kuanzia siku ile Naseeb akaacha kumwita dada wa porini, akaanza kumwita dada tu.

Huyu Mwalimu Arcade alizaliwa Katumba. Alikuwa mtu mwembamba, mpole wa sauti, na mjanja kupindukia. Alikuwa na tabia ya kuuliza swali kisha kufuta miwani kwa muda mrefu mpaka mwenyewe ujisikie vibaya. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa hivi. Kila mwanafunzi anajenga mtandao wake mdogo ndani ya chumba cha mitambo, yaani swichi, ruta na mashine moja ya kutunzia kumbukumbu, halafu anaulinda wiki nzima, kuanzia asubuhi mpaka saa kumi. Mlangoni kuna daftari lenye majina mawili, la mwanafunzi na la mwalimu. Mtu mwingine akihitaji kuingia, mwalimu anapigiwa simu kwanza. Ndani ya wiki hiyo, siku usiyoijua, mtu usiyemjua atajaribu kuingia. Akifaulu, wewe umeanguka.

Wote walidhani mtu huyo atakuja kwa njia ya kompyuta. Naseeb aliweka maneno ya siri marefu mpaka yeye mwenyewe akawa anayaandika mkononi. Nyanzala naye alifunga kila tundu la swichi lisilotumika, akabadili majina yote yaliyokuja na mashine, akakagua kumbukumbu za ruta kila baada ya saa moja. Kwa upande huo hapakuwa na wa kumgusa.

Ilikuwa Oktoba, na Oktoba ya Mpanda mnaijua. Siku ya pili, saa nane mchana, alitokea mzee mmoja wa kanzu na baraghashia, amebeba mkoba, jasho linamtiririka mpaka kwenye ndevu. Nyanzala alimwamkia kwa kupiga goti. Mzee akaitikia, akasema ametumwa na ofisi kuangalia umeme, ila jua limemzidi, anaomba akae mahali penye ubaridi japo dakika tano. Mahali penye ubaridi pale chuoni ni pamoja tu. Ni chumba cha mitambo, kwa sababu ya kile kiyoyozi cha kupoza mashine.

Umwache mzee wa watu juani kwa sababu ya mtihani? Nyanzala hakujiuliza hata hilo. Mikono ilifanya kazi yenyewe: ikafungua mlango, ikasogeza kiti, ikaleta maji. Nyanzala alipotoka, mzee akatoa flashi mkobani, akaichomeka nyuma ya mashine, akamaliza maji yake na kushukuru. Kesho yake Mwalimu Arcade alimtambulisha darasani. Alikuwa Mzee Mbaruku, fundi wa simu za waya wa enzi hizo, siku hizi ana duka la vifaa vya umeme. Mzee mwenyewe aliona haya. Alisema maji yalikuwa mazuri.

Mwalimu Arcade alifuta miwani.

"Mashine zako hazikuvunjwa, Nyanzala. Hakuna mtu kwenye darasa hili aliyezifunga vizuri kuliko wewe," alisema. "Mlango umeufungua mwenyewe."

Alipewa wiki tatu ajiandae kurudia.

Ushauri ulimiminika, kama kawaida ya watu ambao yaliyokukuta hayajawakuta. Naseeb alimwambia akaze uso. Usimsalimie mtu, dada, ukisalimia umeisha. Mwanafunzi mwingine akamshauri avae miwani ya jua. Nyanzala alijaribu. Jioni moja alimfanyia mazoezi Bi Zubeda, mwenye nyumba wake. Alisimama mlangoni pa chumba, akamwuliza kwa sauti kavu wewe ni nani na unataka nini. Bi Zubeda alimtazama juu mpaka chini, akamwuliza kama ana malaria. Nyanzala akaomba radhi papo hapo, tena mara mbili, akaenda kumwoshea vyombo.

Haukuwa woga. Ulimi wake ulikataa tu. Alijiona mtu aliyepewa kazi ambayo malezi yake hayamruhusu kuifanya, na wazo hilo lilimkosesha raha kuliko kuanguka kwenyewe. Mwisho wa wiki ya kwanza akapanda gari kwenda Kasekese. Kwao hakusema lolote kuhusu mtihani.

Jumamosi alasiri alifika mgeni bomani. Mwanaume wa makamo mwenye fimbo na viatu vya matairi, alisema anatafuta maksai wake wawili waliopotea, na anaomba aangalie kama wamejichanganya na ng'ombe wa pale. Mzee Malale akamwita binti yake alete kigoda na maji. Nyanzala akaleta, kama alivyoleta tangu ana miaka sita. Kazi hiyo ikiisha, msichana huwa anarudi jikoni. Safari hii hakurudi. Alichutama kando ya ghala la mahindi, akasikiliza.

Baba yake alianza na salamu, na salamu haikwisha. "Mwadila." Mgeni akaitikia. Wewe ni wa kwa nani? Baba yako alizaliwa wapi? Mama yako ni wa ukoo gani? Mlipohama mlipitia wapi, na mlipofika jirani yenu upande wa mtoni alikuwa nani? Yote haya aliyauliza kwa upole, bila haraka, huku akimsogezea maji. Mgeni alijibu kwamba yeye anatoka Mamba, nyumbani kwa Mwandu.

"Ah, Mwandu," alisema Mzee Malale. "Mguu wake vipi, umepona?"

"Umepona. Sasa anatembea vizuri."

Mzee akatikisa kichwa kwa furaha, akamwongezea maji. Baada ya hapo akasimama mwenyewe, akamsindikiza mgeni mpaka njia panda, akamwelekeza upande mwingine kabisa ambako huenda maksai wameelekea, akamtakia safari njema. Mgeni hakuvuka ua wa miiba. Kule waliko ng'ombe hakuona hata mkia.

Aliporudi, Nyanzala alimwuliza mguu wa Mwandu ulikuwa na nini.

"Mwandu hajawahi kuumwa mguu," baba yake alisema, akabana kigoda kwapani kana kwamba ameulizwa hali ya hewa.

Nyanzala alibaki pale pale kando ya ghala. Kwanza alicheka. Halafu akashikwa na hasira, hasira ya kweli. Miaka ishirini na zaidi amekuwa akipokea wageni wa boma lile, na kumbe alifundishwa nusu tu ya kupokea. Kiti na maji vilikuwa vyake. Maswali yalikuwa ya baba, na yalipokuwa yanaulizwa yeye alikuwa jikoni anachochea moto. Aliamini kwamba mgeni hukaribishwa kwanza na mambo yakaishia hapo, kwa sababu zamu yake ndipo ilipoishia. Hakuna aliyemficha, na hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Ni vile tu hakuna aliyeona kuwa binti anahitaji kujua.

Hakumwambia baba yake kitu. Jumapili akarudi Mpanda.

Wiki ya kurudia ilipoanza, watu walishangaa kukuta benchi nje ya chumba cha mitambo, chini ya kivuli cha bati, na ndoo ya maji yenye kifuniko na vikombe viwili. Naseeb alimwuliza kama amefungua mgahawa. Nyanzala akamkaribisha akae.

Jumanne alikuja mama mmoja nadhifu, jalada kwapani, akajitambulisha kwa jina la Matilda. Alisema ametumwa na Mwalimu Arcade achukue namba za mashine. Nyanzala alimwamkia, akamketisha, akampa maji. Kisha akaanza. Mama anatoka ofisi gani, amefahamiana vipi na mwalimu, wameonana wapi mara ya mwisho. Akapiga simu ya mwalimu, haikupatikana. Mama akaanza kuangalia saa.

"Na meno ya mwalimu yanaendeleaje?" Nyanzala akauliza. "Wiki iliyopita yalimtesa sana."

"Ameshapona, anashukuru," Matilda alijibu.

Nyanzala alimwongezea maji, akamwomba radhi, akamwambia arudi mwalimu akiwepo. Yule mama aliondoka akisema maneno. Je, ndio ulikuwa mtihani? Huenda. Lakini wiki ilikuwa bado, na Mwalimu Arcade hakuwa mtu wa kuja mara moja ukamwamini. Hakutokea kusema lolote, wala Nyanzala hakumwuliza.

Alhamisi, saa saba na nusu mchana, alipoinua macho alimwona baba yake anakuja.

Mzee Malale alikuwa amevaa koti lake la harusi za watu, fimbo mkononi, na mfuko wenye dawa ya kuogeshea ng'ombe aliyoifuata mjini. Alitembea akisoma milango kama mtu anayehesabu mifugo ya mwingine. Nyanzala alikimbia kumpokea mfuko. Alipiga goti, wakasalimiana salamu ndefu, akamketisha kwenye benchi, akampa maji. Mzee akanywa kikombe chote, akafuta mdomo, akautazama mlango.

"Nilisema nitakuja kuona unachokichunga, mayu, mama yangu. Nimekuja. Fungua nione."

Nyanzala alipiga simu. Mwalimu Arcade alikuwa amekwenda Mamba kutengeneza mtandao wa shule moja, na huko simu ilikuwa haishiki. Akapiga tena. Akapiga mara ya tatu, mgongo ameugeuza ili baba asimwone uso.

Kumwuliza ukoo wake haikuwezekana, aliujua. Kumtega kwa mguu wa Mwandu ndiyo kabisa. Mzee aliyekaa pale alikuwa yule yule aliyemruhusu kuja, na hakutaka zaidi ya kuchungulia. Kama ametumwa na mwalimu, kumfungulia ni kwenda naye nyumbani leo leo bila cheti. Kama hakutumwa, kumfungia ni kumdhalilisha baba hadharani. Nyanzala alitamani ardhi ipasuke. Ndipo akajua kwamba hata akiwa na uhakika kuwa hakutumwa, jibu ni lile lile.

"Nakujua, baba," alisema. "Ila kukujua hakutoshi. Jina lako halimo kwenye daftari, na mwenye ruhusa hapatikani."

"Hata mimi?"

"Hata wewe."

Mzee Malale aliweka fimbo katikati ya magoti, akakaa. Saa nane ilimkuta pale, na saa tisa pia. Jua lilizunguka kivuli cha bati likamfikia miguuni, Nyanzala akasogeza benchi, wala mzee hakusema asante. Wanafunzi walipita wakiwaangalia. Naseeb alikuja kumnong'oneza kwamba amfungulie tu, dakika moja, nani atajua. Alipoona mlango haufunguliwi, akaenda kumletea mzee karanga za kutafuna, na kwa hilo namsifu. Nyanzala alisimama wima pembeni ya mlango, masikio yanamchoma kwa aibu. Alimhurumia baba yake, akajihurumia na yeye, na mlango hakuufungua.

Saa kumi kasoro pikipiki ya Mwalimu Arcade iliingia, mtu amejaa vumbi mpaka kwenye kope. Alimkuta mzee kwenye benchi, akauliza, akaelezwa. Alifuta miwani kwa muda mrefu kuliko siku zote.

"Mtihani wako uliisha Jumanne," alisema hatimaye. "Matilda alirudi akiniuliza nimeumwa meno lini. Leo sikumtuma mtu."

Kisha akamgeukia mzee, akamwamkia kwa heshima zote, akaandika jina lake kwenye daftari kwa mkono wake, akamwambia Nyanzala afungue.

Nyanzala alifungua. Baba yake alisimama kizingitini. Ule ubaridi ulimpiga usoni, akafumba macho kidogo, akayafumbua, akaziangalia taa ndogo za kijani zinavyopepesa kwenye swichi, safu kwa safu. Hakuingia. Aliuliza kama gari la Kasekese bado lipo. Akaambiwa la mwisho linakaribia kuondoka. Akachukua mfuko wake wa dawa, akaaga, akaenda.

Cheti Nyanzala alikipata, alama zake nzuri kuliko alivyotarajia, lakini raha yake ilikuwa na doa. Baba hakupiga simu. Alipopiga yeye, mzee alizungumzia mvua na kupe. Kwa muda wa mwezi mzima Nyanzala aliamini kwamba amemkosea baba yake kosa lisilofutika, na alikuwa akilifikiria hata akiwa amejifungia chumbani kwake Ilembo anakunja nguo za safari.

Alirudi Kasekese Desemba, mvua zimeshaanza. Siku ya tatu walikuwa wameketi nje, yeye na mzee, wanapukuchua mahindi ya mbegu. Mtu akatokea kwenye njia ya ng'ombe, mgeni asiyejulikana, akabisha hodi kwenye ua wa miiba.

Nyanzala aliweka gunzi chini, akaanza kuinuka aende kuleta kigoda na maji. Mkono wa baba yake ukamgusa begani, ukamrudisha chini.

"Wewe kaa," alisema Mzee Malale. "Muulize."

Kisha akajikongoja, akasimama, akaenda mwenyewe jikoni kumchotea mgeni maji.